Stesheni Masta wa Lwamunyu Anavua Kofia

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika reli, Mzee Erinayo Mumbere, stesheni masta wa Lwamunyu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1978, garimoshi la jioni likishapita. Sherehe ni palepale kwenye banda la mizigo. Wafanyakazi wote wa reli mnakaribishwa pamoja na wake zenu, na mwenye kiti nyumbani aje nacho.

Kamati imenipa mimi, Faustino Obwona, kazi ya kuandika wasifu huu. Kwanza walifikiria kumpa karani mmoja wa mjini mwenye diploma, lakini karani huyo Lwamunyu ameiona kwenye ramani tu. Mimi ni mgeuza reli wa hapa, yaani yule mtu anayevuta fimbo ya chuma ili garimoshi lishike njia yake, na nimekaa na Mzee Mumbere tangu mwaka 1963. Shule niliiacha darasa la tano, mwalimu alipokuwa amenifundisha yote aliyoyajua. Kwa hiyo tuendelee.

Mzee Mumbere ni mtu wa Bwera, mzaliwa wa kwanza kama jina lake linavyosema kwa wanaojua Kikonzo. Aliingia reli mwaka 1944, kazi yake kufuta taa za mabehewa Kampala. Inasemekana taa alizofuta yeye zilimulika mpaka Mengo, na watu wa huko wakalalamika kwamba hawalali. Hilo sikuliona kwa macho yangu, ila nimelisimulia mara nyingi na hakuna aliyewahi kunipinga. Baadaye akapanda: akauza tiketi, akashika bendera, akapelekwa Kasese njia ilipofika huko, na mwisho akapewa stesheni yake mwenyewe, Lwamunyu, huku nyuma ya Kawempe.

Lwamunyu, kwa msioifahamu, ni stesheni ndogo. Ina chumba kimoja cha tiketi, kengele moja, tangi moja la maji juu ya miguu ya chuma, na jukwaa fupi kiasi kwamba behewa la mwisho husimama kwenye bustani ya viazi ya jirani. Reli yake ilijengwa zamani kwa ajili ya kubeba matofali. Mwaka 1966 kiwanda cha matofali kikafungwa, na garimoshi likaacha kuja.

Sasa sikilizeni utumishi. Garimoshi liliacha kuja, lakini hakuna aliyekumbuka kumwambia stesheni masta aache kulingoja. Kwa miaka tisa Mzee Mumbere alivaa kofia yake kila asubuhi, akafagia jukwaa, akapiga kengele ya saa mbili, ya saa sita na ya saa kumi, akasimama na bendera ya kijani akiitazama reli iliyoota nyasi, kisha akarudi ofisini akiwa ameridhika. Kawempe nzima ilipika chakula kwa kengele ile. Mimi nami nilikuwa nageuza reli kila siku, kushoto na kulia, isije ikapata kutu, na mafuta yalipokosekana niliipaka samli. Watu walitucheka. Santa, muuza tiketi wetu, mtoto wa watu wa kaskazini na mwenye mdomo mkali, alizoea kumwuliza Mzee kila jioni, "Mzee, la leo limechelewa?" Naye Mzee hujibu bila kutabasamu, "Liko njiani, binti yangu."

Na kweli lilikuwa njiani. Mwaka 1975 Kampala ikapokea wageni wengi mashuhuri. Mtaani Nakasero hoteli zilijaa, kuta zikapakwa rangi, mashimo barabarani yakazibwa kwa siku moja baada ya kungoja miaka. Wakubwa wakataka wageni waoneshwe kitu cha kihistoria. Mtu mmoja akakumbuka kwamba karakanani kuna injini ya mvuke ya zamani, imelala, kuku wametaga ndani yake. Ikatolewa, ikafufuliwa, ikapakwa rangi nyeusi na nyekundu. Mimi ndiye niliyeipa jina la Akwero, ambalo kwa Kiacholi ni mtu aliyekataa, kwa sababu siku ya kwanza ilikataa kuwaka mpaka nilipoisemesha. Wakatafuta reli fupi ya kuitembezea, yenye stesheni ya kupendeza. Wakaja Lwamunyu wakitegemea kukuta magofu. Walimkuta Mzee Mumbere amesimama jukwaani na bendera.

Msimamizi wa ziara ile alikuwa afande mmoja wa cheo cha meja. Jina lake silitaji. Amekwisha kuhamishwa kwenda kazi nyingine ambayo hatukuelezwa, ndiyo maana kalamu yangu leo ina nguvu. Afande Meja alikuwa mtu wa nidhamu na mpenda usafi. Alikagua stesheni, akaridhika, akamwita Mzee pembeni, ila kwa sauti iliyofika mpaka Kawempe.

"Mzee, hii treni lazima natembea. Hakuna kusimama, hakuna sababu. Yeye akikataa kutembea, wewe nitakupa lifti kwa gari yangu."

Hakusema lifti ya kwenda wapi, na Mzee hakuuliza. Gari la Afande lilikuwa Benzi jeusi lenye buti kubwa la mizigo nyuma. Sote tulielewa kwamba Mzee hatakaa kiti cha mbele. Jioni ile mke wake, Mama Mbambu, alimtafutia shati safi, akampigia pasi, kisha akaketi jikoni akiwa ameshika pasi iliyopoa.

Basi ikafika siku yenyewe. Tangi letu tulikuwa tumelijaza kwa pampu kutoka bondeni, siku tatu nzima, mpaka dizeli ya pampu ikaisha. Maji yale yalikuwa ya Akwero, kwa sababu injini ya mvuke bila maji ni sufuria tu yenye magurudumu. Ingetoka mjini na wageni, ingesimama Lwamunyu wageni watazame ngoma, ingejazwa maji, kisha ingepanda mlima wa mbele na kurudi.

Asubuhi, kabla ya wageni, wakaja askari na msururu wa magari ya heshima, yote yana vumbi. Afande Meja, mpenda usafi kama nilivyosema, akaona tangi limejaa, akaamuru magari yaoshwe. Yakaoshwa. Yakasuuzwa. Pikipiki nazo zikaoshwa, na viatu, na askari wengine wakaona waoge kabisa. Mzee Mumbere alisimama chini ya tangi akitazama maji yake yakienda zake mtaroni. Alifungua mdomo mara moja. Askari mmoja akamwuliza, "Unasema nini, mzee?" Akasema anapiga mwayo.

Akwero akafika na filimbi yake, mabehewa yamejaa wageni, kanzu na suti na kofia za kila nchi. Ngoma zikalia. Dereva alikuwa Khisa, mtu wa Bugisu, mlokole wa kweli, asiyevuta, asiyekunywa, asiyepita hata mtaa wenye baa. Khisa akalivuta bomba la maji juu ya injini, akafungua. Bomba likakohoa, likatoa chura mmoja.

Afande Meja akasogea. "Maji iko wapi? Nani alimaliza maji?"

Hapo watu wote tukatazama chini, maana tungeinua macho tungeyaona magari, na magari yalikuwa yanametameta kama vioo. Kumwambia afande kwamba maji ameyamaliza yeye hakukuwa kazi ya mtu mwenye watoto. Mzee Mumbere akarekebisha kofia yake. "Maji yapo, Afande. Leo yanakuja kwa njia nyingine." Akavuka ua wa stesheni mbio, na mimi nyuma yake, ingawa kwa kweli nilitangulia.

Nyuma ya ua ule alikaa, na bado anakaa, Mama Nabintu, mfanyabiashara kutoka upande wa Kongo, mpishi wa pombe ya ndizi ambayo hapa tunaiita tonto. Binti yake alikuwa anaolewa kesho yake. Uani palikuwa na safu mbili za mapipa, yote yamefunikwa majani ya migomba kwa sababu ya vumbi la msafara.

"Mama Nabintu, nipe maji yako yote," Mzee akasema.

"Ya kupikia wageni wangu? Mzee, una homa?"

"Ukininyima leo, wageni hao hao utawapikia kwenye matanga yangu."

Mama Nabintu akachungulia juu ya ua, akaliona Benzi, akaona buti. Akasema, "Chukua, baba. Safu ya mbele ni maji. Ya nyuma msiguse, ile ni harusi."

Mzee akaelewa. Mimi nikaelewa. Tatizo ni kwamba wakati huo askari walikuwa wamekwisha kupanga watu mstari mmoja mrefu kutoka uani mpaka kwenye injini: wacheza ngoma, majirani, wauza mandazi, Santa na mimi katikati, Khisa juu akipokea na kumimina. Mzee aliitwa jukwaani akasimame karibu na Afande, aonekane. Ndoo zikaanza kupita mkono kwa mkono. Uani alibaki askari mmoja kijana akisimamia uchotaji, naye alikuwa na neno moja tu: "Endelea!" Safu ya mbele ikaisha. "Endelea!" Wakaendelea na ya nyuma.

Mimi nilikuwa wa kwanza kuisikia ile harufu, maana pua yangu inajulikana. Ndoo ilifika mkononi ikinukia harusi. Nikamtazama Santa. Santa akanusa, akanitazama mimi. Sote wawili tukamtazama askari aliyesimama kando na bunduki. Santa akanong'ona, "Anko Faustino, hii si maji." Nikamwambia, "Huenda ni amri." Akasema, "Amri ya nani?" Nikamwambia, "Binti, pitisha ndoo." Akapitisha. Na kila mtu kwenye mstari ule alinusa, akafikiri ni amri, akapitisha. Wacheza ngoma wengine walipitisha pungufu kidogo kuliko walivyopokea. Mtu wa mwisho, aliyeweza bado kuokoa mambo, alikuwa Khisa kule juu, na Khisa ndiye mtu pekee katika Kampala nzima ambaye pua yake haijawahi kukutana na pombe. Alidhani ni maji ya kisima chenye kutu. Aliimba tenzi na kumimina.

Akwero akashiba. Wageni wakapanda. Mzee Mumbere akainua bendera ya kijani, Khisa akavuta filimbi.

Nimesikia filimbi nyingi. Ile ilikuwa kama ndama aliyemeza tarumbeta. Injini ikatikisika, ikapiga kwikwi, na bomba la moshi, badala ya moshi, likatoa povu. Povu jeupe, zito, lenye joto na harufu tamu, likapanda juu kimo cha minazi miwili, likafikiri kidogo, kisha likashuka. Lilishuka juu ya msururu wa magari yaliyooshwa. Lilishuka juu ya ngoma. Lilishuka juu ya Afande Meja, kuanzia kofia, likapita kwenye nishani, likaishia viatuni. 

"Mzee!" akasema Afande, akipangusa jicho moja. "Kuja hapa."

Dereva wa Benzi, bila kuambiwa, akaenda nyuma ya gari akafungua buti.

Mzee Mumbere hakukimbia wala hakulia. Alifunga kifungo cha juu cha koti. Akanikabidhi bendera, akanikabidhi na funguo za stesheni, akaniambia, "Obwona, kengele ya saa kumi usiisahau." Kisha akaanza kutembea kwenye jukwaa lile fupi. Leo ndiyo mara ya kwanza nililiona kuwa refu, na nasema "leo" kwa sababu nikilikumbuka ni kama nipo palepale.

Alipokuwa katikati, likafunguka dirisha la behewa la kwanza. Akatokeza mgeni mmoja mnene, waziri wa nchi jirani ambayo nayo siitaji, povu limemjaa kidevuni. Akalipangusa kwa kidole, akakiweka kidole mdomoni. Akafumba macho. Halafu akacheka kicheko ambacho kilitikisa behewa.

"Tonto!" akapiga kelele. "Ndugu zangu, hii ni tonto! Kwetu kijijini mtambo mpya hupewa pombe kwanza ndipo ukubali kazi. Nilidhani ni sisi tu tuliobaki na mila hiyo. Nani amefikiria jambo hili zuri?"

Nimekaa miaka mingi nikigeuza reli, lakini sijawahi kuona kitu kizito kikigeuka haraka kama uso wa Afande Meja. Alimtazama waziri. Alimtazama Mzee. Akapiga saluti, povu likaruka.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Mimi mwenyewe natoa order jana."

Wageni wote wakapiga makofi. Akwero, kana kwamba alikuwa anangoja hilo, akapiga kwikwi moja ya mwisho, akaondoka. Ule mlima ambao fundi wa karakana alisema ungempa taabu aliupanda akiimba, akitoa povu kila kona, na nyuma yake watoto wa Kawempe nzima wakikimbia na vikombe.

Jukwaani Afande alimwinamia Mzee, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mzee, hii ni kitu gani?"

"Ni pombe ya harusi, Afande."

"Mzuri. Kila safari."

Ndivyo amri ilivyozaliwa. Jioni waziri akataka kumwona mwenye pombe, akapelekwa kwa Mama Nabintu, akacheza mpaka akavua koti. Kwa kuwa harusi ilibaki bila tonto, Afande alilazimika kuonesha ukarimu mbele ya mgeni. Buti lile lile lililofunguliwa kwa ajili ya Mzee Mumbere likarudi Lwamunyu limejaa kreti za bia.

Tangu hapo Akwero huja Lwamunyu na wageni kila Ijumaa, na pipa moja la tonto hutoka kwa Mama Nabintu, jeshi likinunua, kwa ajili ya injini. Afande alipohamishwa, amri haikufutwa, kwa sababu hakuna ajuaye nani wa kuifuta na hakuna anayetaka kuuliza. Akwero hupewa kikombe kimoja, kwenye gurudumu, kwa heshima. Kinachobaki tunamsaidia. Khisa peke yake hasaidii. Alisimama kanisani Jumapili ile akatoa ushuhuda kwamba yeye hajalewa bali injini yake imelewa, na waumini wakaiombea. Hata sasa akipanda Akwero humwambia, "Dada, leo tutulie."

Na hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Katika miaka hii mitatu Mzee Mumbere hajaonja hata tone la pipa lile. Tulimsihi sana. Mama Nabintu alinuna wiki nzima. Yeye husema yuko kazini. Siku moja tu, tulipokuwa wawili, aliniambia sababu nyingine: kila akiisikia harufu ile, magoti yake yanakumbuka jukwaa. "Nitakunywa," alisema, "siku ambayo hakuna mtu anayeweza kuniita 'kuja hapa'."

Mzee, siku hiyo ni Ijumaa. Pipa limeshatengwa, safu ya nyuma, chini ya majani. Garimoshi la jioni likishapita utapiga kengele yako ya mwisho, utavua kofia na kumkabidhi Santa, ambaye anachukua stesheni na ambaye tayari ameanza kutugombeza. Kofia ikishatoka kichwani, kikombe cha kwanza ni chako, na hakuna atakayegusa pipa kabla yako, hata mimi, na wanaonijua wataona uzito wa ahadi hiyo.

Tunakushukuru kwa kengele ulizopiga garimoshi lilipokuwepo na ulizopiga lilipokuwa halipo. Tunamshukuru Mama Mbambu, ambaye shati alilolipiga pasi siku ile ndilo atakalokuvalisha Ijumaa. Jumamosi asubuhi mnapanda treni ya Kasese. Tiketi mmekwisha kupata, viti viwili, mbele, dirishani. Tunawatakia safari njema na uzee wenye usingizi mtamu huko Bwera, na lifti yoyote utakayopewa kuanzia sasa, Mzee wetu, uipande kwa kuuliza kwanza inakwenda wapi.